Kozi ya Kiingereza cha Adabu na Malalamiko: Uzoefu Wangu wa Muhula Mmoja

Ninafundisha Kiingereza watu wazima, na wengi wa wanafunzi wangu wanakifahamu kuliko wanavyojidhania: wanasoma mikataba, wanafuata mikutano, wanaandika ripoti zinazoeleweka. Hukwama mahali pamoja tu, pale wanapotakiwa kumwomba mtu wasiyemjua jambo fulani, au kumwambia kwamba huduma aliyowapa ina kasoro. Hapo mmoja atasema kwa ukali asioukusudia, na mwingine atanyamaza na kukubali hasara. Kwa sababu hiyo, muhula uliopita nilinunua leseni ya kozi ya mtandaoni yenye masomo 12, rekodi za sauti, mazoezi ya kuandika yanayosahihishwa na programu, na mwongozo wa mwalimu. Niliitumia kwa darasa la watu 11, somo moja kila wiki. Sitaitaja kwa jina, kwa kuwa kozi za aina hii zinafanana sana na ninayoyaeleza yanaweza kumfaa hata anayefikiria kununua nyingine.

Watengenezaji wanasema kozi yao ni ya ngazi za kati za ujuzi wa lugha, B1 na B2, na dai hilo ndilo nililolipima kwa makini zaidi. Vipimo vya lugha vya Baraza la Ulaya, vilivyochapishwa mwaka 2001 na ambavyo vina ngazi sita kuanzia A1 hadi C2, vinakutaja kulalamika bila kuficha. Mtu wa B1 anatarajiwa aweze kurudisha bidhaa isiyoridhisha na kutoa malalamiko. Mtu wa B2 anatarajiwa aeleze tatizo lililotokea na aonyeshe wazi kwamba mtoa huduma anapaswa kulegeza msimamo. Tofauti yake si ndogo, kwa maana wa kwanza anasema kwamba ameumia, na wa pili anatoka na kitu mkononi. Baada ya muhula mzima nina hakika kwamba kozi hii inamfikisha mwanafunzi kwa wa kwanza na kumwacha hapo.

Nianze na inachokifanya vizuri, kwa sababu masomo manne ya mwanzo, yanayohusu kuomba, ni mazuri kuliko yoyote niliyowahi kuyatumia. Yanaanza kwa kulibomoa neno "please". Wanafunzi wengi huja wakiamini kwamba neno hilo ni kama chumvi, kwamba ukilinyunyiza juu ya amri yoyote amri inageuka kuwa ombi. Kozi inaonyesha kwa rekodi sita fupi kwamba "Give me the form, please" inabaki kuwa amri, tena wakati mwingine neno hilo likitamkwa kwa kiimbo, yaani mpando na mshuko wa sauti, kinachoshuka hulifanya sikio la msikilizaji lisikie mtu aliyeishiwa subira. Adabu ya Kiingereza imekaa kwingine kabisa, katika vitenzi visaidizi na katika wakati wa kitenzi. "Could" na "would" zote mbili, kwa asili, ni maumbo ya wakati uliopita, na ndiyo yanayomsogeza mwombaji hatua moja nyuma ili anayeombwa apate nafasi ya kukataa.

Hapo ndipo mwalimu wa Waswahili anapokuwa na utajiri ambao waandishi wa kozi hawakuufahamu. Kwetu pia adabu imo ndani ya kitenzi: kati ya "nipe", "unipe" na "naomba unipe" kuna umbali ambao kila mtoto anaujua kabla hajaingia shule. Tulipofika kwenye "I was wondering if you could help me", mwanafunzi mmoja aliuliza kwa uchungu wa kweli mtu huyo alikuwa akijiuliza lini, na kama ameshaacha kujiuliza kwa nini anasumbua watu. Mwongozo wa mwalimu unajibu kwa aya nzima ya istilahi za sarufi. Mimi nilimwuliza tu yeye husemaje anapompigia simu mtu mkubwa, naye akajibu bila kufikiri, "Nilikuwa naomba unisaidie." Darasa lilicheka, na baada ya kicheko hicho sikuhitaji kueleza tena. Tunautumia wakati uliopita kwa jambo la sasa kwa sababu ileile wanayoutumia wao, ila hakuna aliyewahi kutuonyesha kwamba tunafanya hivyo.

Mtego wa "Would you mind" nao umeshughulikiwa vizuri. Umbo hilo huuliza kama mtu ataona tabu, kwa hiyo anayekubali kutenda hujibu "No, not at all", na anayejibu "Yes" kwa furaha amekataa bila kujua. Kozi inalirudia jambo hili katika masomo matatu tofauti, na marudio hayo yalisaidia.

Somo la tano linaingia kwenye malalamiko, na linaanza kwa sentensi iliyozua mjadala mkubwa kuliko yote: "I'm sorry, but this isn't what I ordered." Darasa lilikataa. Aliyekosewa ndiye aombe radhi? Ilinibidi nieleze kwamba "sorry" moja ya Kiingereza inabeba kazi za maneno yetu mawili, "pole" na "samahani", na kisha inabeba kazi ya tatu, ya kubisha hodi kabla ya habari mbaya. Vivyo hivyo "I'm afraid", ambayo haina hofu yoyote ndani yake. Mwongozo unayaeleza haya kwa kutumia nadharia ya uso iliyotolewa na wanaisimu Penelope Brown na Stephen Levinson mwaka 1978, kwamba kila mzungumzaji ana uso, yaani heshima yake mbele ya wengine, anaotaka uhifadhiwe, na kwamba kuomba na kulalamika ni vitendo vinavyoutishia uso huo. Nadharia inasikika ngumu ikielezwa kwa Kiingereza. Kwa mtu aliyelelewa akiambiwa kwamba uso umeumbwa na haya, inachukua dakika mbili.

Sehemu nyingine iliyonifurahisha ni ya kauli ya kutendwa. Kozi inalinganisha "You charged me twice" na "I was charged twice", na kueleza kwamba sentensi ya pili inaliweka kosa mezani bila kumnyooshea mtu kidole, hivyo mhudumu anabaki na njia ya kulirekebisha bila kwanza kujitetea. Nasi tunasema "nimetozwa mara mbili" tusipotaka ugomvi, na "mmenitoza mara mbili" tukiutaka. Wanafunzi walilishika somo hili siku hiyohiyo.

Kasoro zilianza kuonekana wiki ya saba, kwenye barua ya malalamiko. Mwanafunzi wangu mmoja, mwenye uandishi safi kuliko wote, aliandika kuhusu kifaa kilichomfikia kikiwa kimevunjika. Barua ilikuwa na salamu sahihi, tarehe, namba ya oda, maelezo ya tatizo kwa kauli ya kutendwa, na hitimisho la heshima. Programu ilimpa alama zote. Niliisoma mara mbili kabla ya kugundua kilichonisumbua: hakuomba kitu chochote. Hakutaka kurejeshewa fedha, hakutaka kifaa kingine, hakutaka hata maelezo. Mpokeaji angeweza kujibu kwa dhati kwamba amesikitika, akaifunga faili, na asiwe amekwepa wajibu wowote aliotajiwa. Nilirudi kwenye kozi nikapekua masomo yote 12, na sikuona hata ukurasa mmoja unaofundisha jinsi ya kusema unachotaka na kufikia lini unakitaka. Sentensi kama "I would like a full refund" au "Please let me know by Friday how you intend to resolve this" haimo kabisa. Huo ndio upungufu mkubwa wa bidhaa hii, na kwa maoni yangu unatokana na waandishi kudhani kwamba adabu na dai ni vitu vinavyogombana.

Kwa anayejiandaa kwa IELTS, mtihani wa kimataifa wa Kiingereza, wa aina iitwayo General Training, upungufu huu una gharama ya moja kwa moja. Kazi ya kwanza ya kuandika katika mtihani huo ni barua ya maneno yasiyopungua 150, inayopendekezwa iandikwe kwa dakika 20, na swali huja na vipengele vitatu ambavyo vyote lazima vijibiwe. Barua ikiwa ya malalamiko, kipengele kimojawapo mara nyingi humtaka mwandishi aseme anataka hatua gani ichukuliwe. Mwanafunzi aliyezoeshwa na kozi hii ataandika vizuri vipengele viwili na kukigusa cha tatu kwa ncha ya kidole.

Rekodi za sauti zina tatizo linalofanana na hilo. Katika kila mazungumzo ya kulalamika, mhudumu anakubali mara ya kwanza. Anasikitika, anaomba radhi, anatoa suluhisho, mteja anashukuru. Sijui ni nchi gani yenye wahudumu hao, ila ningependa kuhamia huko. Kwa kuwa kozi haikunipa mhudumu anayekataa, nilimtengeneza mwenyewe: nilimpa mwanafunzi mmoja kadi yenye maagizo ya kukataa mara tatu kwa visingizio tofauti, na mwenzake nikampa kazi ya kuongeza uthabiti bila kupandisha sauti. Tuligundua pamoja kwamba katika Kiingereza uthabiti hupatikana kwa kuondoa maneno ya kulainisha, moja baada ya jingine. Unaanza na "I'm afraid there seems to be a small problem", ukikataliwa unabaki na "There is a problem", kisha unafika kwenye "This needs to be put right today". Hakuna tusi lililoongezwa, ila msikilizaji anasikia ngazi inavyopanda. Zoezi hilo lilichukua vipindi viwili vizima, na ndilo ambalo wanafunzi bado wanalizungumzia.

Kuna jambo jingine ambalo mwandishi asiyejua lugha za wanafunzi hawezi kulitarajia. Mhudumu akiuliza kwenye simu, "So you haven't received it?", Mswahili ambaye hajapokea mzigo wake hujibu "Yes", kwa maana ya ndiyo, sijapokea. Anayemsikiliza anabaki njia panda, na huenda akaandika kwamba mzigo umefika. Kiingereza kinataka "No, I haven't", yaani jibu linalofuata ukweli wa tukio na halifuati umbo la swali. Kosa hilo moja linaweza kulifuta lalamiko lote, nalo halimo katika kozi. Nililifundisha kwa kuuliza maswali ya kukanusha kila mwanzo wa kipindi hadi majibu yakawa mazoea.

Kuhusu programu ya kusahihisha, nitasema kwa ufupi: inahesabu misemo, haielewi maana. Mwanafunzi mmoja mtundu aliijaribu kwa sentensi "I'm afraid you seem to be a bit of a liar", akapata alama kamili kwa kutumia vilainisho vitatu katika sentensi moja. Kiimbo haikipimi kabisa, ingawa kozi yenyewe ilianza kwa kutufundisha kwamba kiimbo kinaweza kuligeuza neno la heshima kuwa kero. Ukiinunua, usiwaachie wanafunzi wasahihishwe na programu hiyo bila wewe kupitia kazi zao.

Mwishoni mwa muhula niliwaandikia watengenezaji. Katika somo la tisa kuna zoezi ambalo jibu lililowekwa kuwa sahihi si sahihi: linafunga kwa "Yours sincerely" barua iliyofunguliwa kwa "Dear Sir or Madam", wakati kanuni ya Uingereza, ambayo somo hilohilo linaifundisha ukurasa mmoja kabla, ni "Yours faithfully" pale mpokeaji asipotajwa kwa jina. Niliandika kwa kufuata kila walichofundisha, kisha nikaongeza wasichofundisha: niliomba zoezi lirekebishwe na nikataja tarehe. Jibu lilikuja baada ya siku nne, la heshima sana, likianza kwa maneno "We are sorry you feel that way."

Nililipeleka darasani kama lilivyo, jina la mtumaji likiwa limefichwa, nikawauliza wanafunzi kama tumeombwa radhi. Walilisoma kimya. Yule aliyeandika barua isiyoomba kitu ndiye aliyeinua mkono wa kwanza, akasema kwamba wanasikitikia hisia zetu na wala hawasikitikii kosa lao, na kwamba hakuna mahali waliposema watafanya nini na lini. Tulitumia saa iliyobaki kuandika jibu la pamoja, lenye aya tatu na kilainisho kimoja tu. Nimelituma. Zoezi la somo la tisa bado liko vilevile, na leseni yangu inaisha baada ya wiki sita.