Uzi wa akriliki wa gramu 100 na kroshia ya milimita 5: nimefuma mablanketi mawili ya watoto, haya ndiyo niliyoyaona

Nakata tiketi stendi ya Makambako. Anayeujua mji huu anaujua upepo wake. Mwezi wa sita ukikaa kibandani mlango wazi, vidole vinakufa ganzi hadi kuhesabu chenji unakuwa mtihani. Kati ya basi na basi kuna muda mrefu wa kukaa bure, na mimi kukaa bure sijawahi kuweza, kwa hiyo nafuma. Miaka yote nimefuma vitambaa vya makochi kama kila mwanamke aliyefundishwa na bibi yake. Blanketi ilikuwa mara ya kwanza.

Sababu ni binti yangu. Ameanza kidato cha kwanza shule ya bweni kule juu Njombe, na fomu ya kujiunga ilitaka blanketi zito moja. Aliondoka na la zamani la baba yake, limechakaa, nikamwahidi kwamba kabla baridi haijakolea atapata la kwake. Mdogo wake ana miaka 7, na akisikia dada amepata kitu, naye ana haki yake hapo hapo. Yale mablanketi ya manyoya kutoka China nilitajiwa hapa mjini 45,000 kwa moja. Mawili ni 90,000. Nikapiga hesabu ya uzi.

Niliagiza kwa simu duka moja la Kariakoo. Jina silitaji, mbele huko mtaona kwa nini. Madonge 16 ya akriliki, uzi wa kiwandani usio pamba wala sufu, kila donge gramu 100, bei 4,500. Kroshia, ile sindano yenye ndoano, ya milimita 5 yenye mpini wa mpira, 3,500. Pesa nikatuma kwa simu, mzigo ukapanda basi la asubuhi, jioni nikaupokea hapa hapa dirishani kwangu. Kondakta nauli ya mzigo hakunidai, lakini hiyo ni faida ya kufanya kazi stendi. Ninyi wekeni 5,000.

Kwanza niseme kuhusu hiyo kroshia, maana nusura niharibu kazi kabla sijaanza. Maelekezo ya fumo niliyoyapata mtandaoni yalikuwa ya Kimarekani, yakataka kroshia H-8. Mimi ninayo kroshia ya bibi, imeandikwa 8 wazi kabisa, nikajua mambo yameiva. Nikafuma kipande cha majaribio kikatoka kigumu kama zulia la kufutia miguu. Kumbe 8 ya bibi ni ya vipimo vya zamani vya Kiingereza, ni milimita 4, na 8 ya Wamarekani ni milimita 5. Isitoshe, mshono ambao Wamarekani wanauita "dabo" ndio Waingereza wanaouita "trebo", kwa hiyo mtu aliyefunzwa kwa vitabu vya kikoloni akifuata maelekezo ya Marekani anafuma kitu kingine kabisa. Tangu siku hiyo nasoma milimita tu. Ndipo nikaongeza kroshia kwenye oda.

Fumo lenyewe ni la makombe. Sisi wa bara kombe la baharini tunaliona kwenye picha, lakini kila mtu amewahi kushika kipepeo cha kupepea jiko la mkaa, na ndivyo linavyotokea: nguzo ndefu 5, yaani mishono iliyosimama, zimechomwa kwenye tundu moja, zinafunguka juu, zimebanana chini. Unaruka matundu 2, unachoma nguzo 5 kwenye tundu linalofuata, unaruka 2, unashikiza kwa nguzo fupi, unaanza tena. Kila kombe linakula cheni 6, vile vitanzi vya msingi vya kuanzia kazi. Kwa hiyo ukitaka upana wowote unazidisha 6, unaongeza 2 za kuanzia, umemaliza hesabu. La mdogo nilianza na cheni 134, makombe 22, likatoka upana wa sentimita 99. La binti cheni 176, makombe 29, sentimita 130. Mkono wako ukiwa mlegevu kuliko wangu litatanuka, kwa hiyo fuma kipande kidogo kwanza upime kwa rula.

Urefu usikisie. Pima godoro. Magodoro ya bweni mengi ni futi 2 na nusu kwa 6, maana yake upana ni kama sentimita 76. Blanketi la sentimita 130 linabaki na sentimita 27 za kushuka kila upande, na hizo ndizo zinazokingia upepo ukigeuka usingizini. Urefu nilikwenda hadi sentimita 170. Binti yangu si mrefu, lakini ana miaka 14, na nimeona sketi zake zinavyomkimbia. La mdogo niliishia sentimita 130, limfunike miguu hadi shingo na libaki la kujiviringishia akiangalia katuni. Kwa mtoto wa umri wake ukifanya kubwa zaidi analiburuta, linageuka deki.

Sasa uzi. Mkononi ni laini, hauwashi. Nilimwekea mdogo shavuni nikasubiri alalamike, hakulalamika. Shida yake haukusokotwa vizuri. Ukichoma kroshia kwa haraka uzi unachanuka, unajikuta umeshika nyuzi tatu kati ya nne, na hulioni hilo hadi umeshapita mistari miwili. Kwenye kombe ndiyo mbaya zaidi, kwa kuwa mara tano unarudi tundu lile lile na linazidi kubana. Nilijifunza kuchoma polepole na kukitanua kitanzi kidogo kwa kidole gumba. Vifundo vya kiwandani nilivikuta 5 ndani ya madonge 16. Nikakata, nikaunga upya pembeni, kwa sababu kifundo katikati ya kombe kinatokeza kama chunusi.

Uzito nao. Dada wa duka la mchele jirani ana mizani ya umeme, tukapima madonge manne kwa udadisi: 98, 96, 99, 96. Si wizi wa kutisha, ila ujue. La mdogo lilikula madonge 6 na la binti 10, na kwenye la binti nilibakiwa na uzi usiofika hata kuzungushia ukingo. Makombe yanakula uzi. Ukiwa umezoea nguzo za kawaida ukakadiria kwa mazoea, utakwama ukiwa na theluthi ya blanketi.

Na hapo kwenye kukwama ndipo lilipo jambo langu na duka. Binti alichagua zambarau iliyoiva, "isiwe pinki, mama, tafadhali, watanicheka". Nikafuma madonge saba, mengi kibandani chini ya taa. La nane nikalifungua Jumapili nyumbani, nimekaa uani kwenye jua. Mistari minne tu nikaona zambarau imegeuka, imekuwa kama imepauka. Nikaokota lebo zote, bahati nilikuwa nazitunza kwenye kopo la maziwa. Namba ya rangi ni ile ile. Namba ya mtungo, ile ndogo inayogongwa pembeni kuonyesha uzi umetiwa rangi pamoja na upi, madonge saba ilikuwa moja na matatu yalikuwa nyingine.

Nikapiga simu.

"Shikamoo kaka, ule uzi wa zambarau umetofautiana."

"Marahaba dada. Zambarau si zambarau?"

Hakusema kwa ubaya, nadhani kweli alikuwa hajui. Wanapanga kwa rangi rafuni, namba ndogo hawaangalii. Nikamtumia picha, akanyamaza siku tatu, siku ya nne akatuma madonge mawili bila kudai bei ya uzi, nauli juu yangu. Nayo yalikuwa ya mtungo wa tatu! Nilicheka peke yangu hadi abiria wa Songea akaniuliza kama basi lake lipo kweli.

Dawa yake, kama yamekukuta: usiungie uzi mpya moja kwa moja. Nilifumua nilichokuwa nimeanza cha nane, nikafumua donge la saba na la sita pia, roho ikiniuma, halafu nikafuma mistari miwili ya uzi wa kwanza, miwili ya uzi wa pili, hivyo hivyo hadi wa kwanza ukaisha, nikamalizia na wa pili. Tofauti inayeyuka. Binti alipoliona alidhani ni mtindo, na mimi sikumkosoa.

Kosa jingine lilikuwa langu mwenyewe, uzi usilaumiwe. Mistari ya makombe inapishana: kombe la juu linakaa juu ya nguzo fupi ya chini, na nguzo fupi ya juu inakaa kwenye nguzo ya tatu ya kombe la chini. Kwa hiyo kila baada ya mstari mmoja, kingo mbili zinaanza na kuisha kwa nusu kombe, nguzo 3 badala ya 5. Nikiwa kwenye la mdogo, basi la Mbeya likaingia watu wamejaa dirishani, nikakata tiketi, nikarudi kwenye fumo bila ile nusu. Nikarudia kosa hilo kama mara nne. Nilipolitandaza kitandani upande mmoja ulikuwa umejikata kama shati la fundi mwenye haraka. Mistari 14 ilifumuliwa. Siku hizi kila nikiachia kazi nafunga kiuzi chekundu ukingoni penye nusu kombe.

Kufua: nilifua kipande cha majaribio kwanza kwa sabuni ya unga na maji ya baridi. Hakikuchuja rangi hata tone. Blanketi zima la mdogo nilifua asubuhi nikalitandaza juu ya majani, si kwenye kamba, maana likiwa na maji linajivuta kwa uzito wake na makombe yanakuwa marefu kama masikio ya sungura. Alasiri lilikuwa kavu, mwezi huu huu wa baridi. Hapo akriliki naivulia kofia. Pamba isingekauka siku hiyo.

Pasi usiiguse. Niliijaribu kwenye kile kipande, ikiwa ya moto wa kawaida tu. Uzi ulilala ukang'aa na haukuamka tena, nguzo zote zikawa bapa kama tambi zilizomwagika. Na kwa sababu hiyo hiyo nimemkataza mdogo kulikalia blanketi lake karibu na jiko. Akriliki ikishika moto haiungui kama pamba, inayeyuka, na ikiyeyuka inashika ngozi.

Joto lipo, kwa kadiri yake. Makombe yakiwa yamebanana hayaachi matundu ya kuingiza kidole, tofauti na yale mafumo ya nyavunyavu ambayo mtoto anaamka kidole cha mguu kimenasa. Lakini si sufu. Binti alinipigia kwa simu ya matroni Jumamosi: "Mama, linatosha, ila usiku wa baridi kali naweka na shuka la Kimasai juu." Hilo ndilo jibu la kweli kwa wa Njombe. Kwa wa Dar linatosha lenyewe na linazidi.

Kroshia ya mpini wa mpira: kichwa kimelainishwa vizuri, kidole cha kati hakijaniuma kama kwa ile ya bibi. Baada ya mwezi mmoja mpira ulianza kuzunguka kwenye chuma. Tone moja la gundi limeumaliza ugomvi.

Pesa yote: uzi 72,000, kroshia 3,500, na nauli ya yale madonge mawili ya nyongeza. Miezi miwili na siku kadhaa za mikono yangu sijazihesabu. Nafuu ya fedha ni ndogo kuliko nilivyojidanganya. Uzi naupa nyota nne, kroshia tatu, duka mbili kwa uangalifu na nne kwa kutokugombana.

Jirani yangu wa kibanda cha pili ana mtoto anaenda kidato cha tano na ameniomba nimfumie la bluu. Nimeagiza duka lile lile madonge 11. Safari hii nimemwambia kaka apange madonge mezani, apige picha ya lebo zote kumi na moja kwa pamoja, ndipo nitume pesa. Amepiga. Kumi ziko sawa, moja tunabishana kama ni 3 au 8.