Ajira Portal: inamfaa mwanachuo anayetaka kazi serikalini?

Kwa mwanachuo wa Tanzania anayelenga utumishi wa umma, mfumo huu wa Sekretarieti ya Ajira wa kuomba kazi mtandaoni ni mzuri kweli: hakuna bahasha wala nauli. Jisajili kwa namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA), ujaze wasifu taratibu kabla tangazo halijatoka.

Wengi hukwama kwenye viambatisho. Matokeo ya muda na hati za matokeo za kidato cha 4 na 6 hazikubaliwi; vinatakiwa vyeti vyenyewe. Barua ya maombi isiyosainiwa nayo inakuangusha. Aliyesoma nje apitie kwanza TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) kuhakiki shahada.

Kinachouma ni muda: matangazo mengi hukaa wiki 2 hivi, na mhitimu anayesubiri cheti chuoni anapitwa huku sifa anazo.