Uzoefu wangu na kinga ya meno ya kulalia: ya kuchovya maji ya moto na ya kupimwa kliniki

Kinga hii ni kifuniko cha plastiki kinachovaliwa juu ya meno usiku, kuyalinda yanaposagana usingizini. Nimetumia zote mbili. Naandika kwa ajili ya anayeamka taya limechoka na magego yanauma, akapiga eksirei, akaambiwa hakuna jino lililotoboka.

Kwanza hakikisha tatizo ni kusaga au kubana meno. Maumivu yake huzidi asubuhi na kupungua kadiri siku inavyosonga, na ukiulizwa ni jino lipi, unaonyesha upande mzima. Jino limeshikwa ndani ya mfupa na nyuzi laini. Zikikandamizwa usiku kucha huvimba, hata kuligonga jino kwa ukucha kunauma. Jaribu hivi: weka vidole kwenye pembe ya taya, bana meno, utasikia msuli unatuna. Legeza, kisha ubonyeze hapo hapo. Ukisikia maumivu yanakwenda kwenye gego, msuli huo unahusika. Wapo waliong'olewa jino lisilo na kasoro kwa maumivu ya msuli, na hilo linaniuma sana. Kwetu mtu mzima akisaga meno husemwa ana minyoo. Dawa ya minyoo hailegezi taya.

Lakini kama linachoma kama sindano pale unapoachia baada ya kung'ata, huenda jino lina ufa. Kinga haizibi ufa. Nenda kwa daktari.

Kinga ya kuchovya ni rahisi kuipata. Maji yakishachemka, epua, subiri yaache kutokota, chovya kwa muda ulioandikwa kwenye pakiti (mara nyingi nusu dakika hadi dakika moja), kung'uta, weka meno ya juu, ng'ata kidogo huku ukifyonza mate na kubonyeza mashavu kwa nje. Wengi huharibu kwenye kung'ata: wanang'ata kwa nguvu, plastiki inakimbilia pembeni, na chini ya magego unabaki utando tu. Hapo ndipo panapotobolewa kwanza. Kasoro yake nyingine ni ulaini. Baadhi ya watu huitafuna usingizini kama ubani, wakaamka wamechoka kuliko mwanzo. Naipa alama ya kujaribia, si ya kukaa nayo mwaka.

Ya kliniki ni akriliki ngumu, unene wa milimita 2 au 3 hivi. Unang'ata ujiuji wa kuchukulia alama, alama hiyo inamwagiwa plasta kupata sanamu ya meno yako, kinga inatengenezwa juu ya sanamu hiyo. Thamani yake yote iko siku ya kuichukua. Daktari anaweka karatasi ya rangi, unagonga meno, anasaga palipozidi. Usiondoke mpaka alama za kushoto na kulia zilingane, maana upande ukitangulia kugusa, taya litapigana nao usiku mzima. Siku za kwanza hubana, na asubuhi meno hukutana vibaya kwa dakika chache. Hali hiyo ikifika mchana, irudishe irekebishwe.

Zile ndogo za kufunika meno ya mbele tu usijinunulie. Magego yasiyoguswa na kitu huweza kusogea, mng'ato ukabadilika.

Osha kwa maji baridi, sabuni ya maji na mswaki laini. Maji ya moto huipinda, dawa ya meno huikwaruza.

Kinga hulinda meno yasilike, haizuii kusaga. Kazi ya mchana ni yako: midomo imefungwa, meno yameachana, ncha ya ulimi inapokaa ukitamka "n". Meno hayana sababu ya kugusana ila unapotafuna au kumeza. Punguza kahawa ya jioni, pombe na sigara. Ukiwa unakoroma na pumzi kukatika, au umeanza dawa za sonona, mwambie daktari kabla hajakupima kinga.

Na ukienda kuziba jino au kulivika kofia (ganda gumu la kulifunika), beba kinga yako. Umbo la jino likibadilika hata kidogo, haikai tena, na ni rahisi kuirekebisha siku hiyo hiyo.