Duka la Kampemba lenye cheti cha bomba na tanuri la bageti

Nachomelea mabomba hapa Lubumbashi mwaka wa kumi na saba huu, na sikuwahi kuona muuzaji akitoa karatasi ya bomba kabla hajaulizwa, mpaka nilipofika duka hili. Duka liko Kampemba, geti la kijani, mkabala na wauza matairi. Nilienda Januari, mvua ikinyesha kila alasiri, nikitafuta bomba la inchi 6 kwa njia ya maji ya mteja mmoja barabara ya Likasi. Alitaka bomba la chuma la kiwango cha API 5L daraja B, unene wa milimita 7.11, na kila kiungo kifuate karatasi yake ya utaratibu wa kuchomelea: bageti (vijiti vya kuchomelea) za 6010 kwa mshono wa kwanza, za 7018 kwa kujaza na kufunika.

Mama mwenye duka alinipa cheti cha kiwanda pamoja na kitambaa. "Papa, futa vumbi, usome mwenyewe." Namba ya myeyusho, yaani ya chuma kilichoyeyushwa pamoja kiwandani, iliyoandikwa kwenye bomba ilikuwa ileile ya kwenye cheti. Nikapima unene wa mdomo wa bomba sehemu nne. Palipo pembamba kabisa palikuwa milimita 6.9, panakubalika. Bomba jeusi lisilo na karatasi linaweza kuwa chuma chochote, jicho halitakuambia.

7018 zake zinakaa ndani ya tanuri dogo, joto likiwa digrii 120 za Selsiasi. Hilo ndilo lililonivuta. Mwaka juzi, kwingine, nilinunua boksi la 7018 lililoachwa wazi sakafuni. Mshono ukatoka na vitundu kama mkate, mkaguzi akakata viungo vinne, nikavirudia kwa mafuta yangu ya jenereta. Ganda la 7018 hunywa unyevu wa hewani, na unyevu huo huingiza haidrojeni kwenye chuma. Vitundu utaviona siku hiyohiyo. Ufa unaweza kuja kesho yake, umeshafungasha vyombo.

Lakini 6010 nazo nilizikuta humohumo tanurini, na hilo ni kosa kubwa. Ganda lake ni la selulosi, linahitaji unyevu wake kidogo ili moto uchimbe mpaka ndani. Nilijaribu tatu kwenye kipande: moto ulilegea, na nilipochungulia ndani ya bomba niliona midomo yote miwili bado haijayeyuka. Nikamweleza mama. Hakubisha, alifungua stoo, akanipa bati jipya lililofungwa bila kuongeza hata faranga moja. Nilipopita tena Februari, tanurini zilibaki 7018 peke yake.

Kinachonikera bado ni kukata. Vijana wake wanakata bomba kwa gesi, mkono mtupu, mdomo unatoka na mawimbi. Nilimaliza asubuhi nzima na diski ya kusagia nikitafuta mteremko wa digrii 30 kwenye mdomo. Mkienda, chukueni mabomba mazima, mkatie wenyewe kazini.