BC-348 kwenye betri za Fuso: uzoefu wangu hapa Mbeya

Nina mwezi wa saba na BC-348, redio ya kupokea iliyokuwa ikifungwa kwenye ndege za kivita za Marekani, B-17 na B-24, wakati wa Vita Kuu ya Pili. Muuzaji wa ng'ambo aliandika "inafanya kazi". Ilifika Uyole bubu kabisa.

Wengi wakiipata hung'oa dainamota, ile mota inayogeuza volti 28 za ndege kuwa mia mbili na ushee za kulishia valvu, zile balbu za kioo za redio za zamani, wakaweka transfoma ya umeme wa ukutani. Fundi wangu wa Mwanjelwa alishashika bisibisi. "Mzee, hii mota ni mzigo tu, tuitoe." Nikamwomba aiache, ahangaike kwanza na kapasita za karatasi, vile vipande vidogo vya kutunza chaji ndani ya redio. Zilikuwa zimechoka zote, moja imemwaga nta kwenye chasisi. Alipomaliza na kusafisha brashi za mota, tukaunga betri mbili za Fuso kwa mfululizo. Zikijaa zinatoa volti 25. Dainamota ikalia kama mashine ya kusaga ya mtaa wa pili, kisha hedifoni ikaanza kuvuma.

Na hapo ndipo nilipoipenda. Umeme ukiwapo, taa za LED na chaja za majirani zinamwaga kelele kwenye mawimbi mafupi mpaka huambulii kitu. Ukikatika, mtaa mzima unanyamaza. Wenzangu wanatafuta mishumaa, mimi nawasha redio, naenda megahezi 7 kuwasikiliza wanaredio wa ridhaa.

Kasoro zipo. Inaishia megahezi 18, kwa hiyo masafa ya ridhaa ya megahezi 21 na 28 usahau. Iliundwa kwa AM, sauti ya redio ya kawaida, na milio ya Morse, hivyo sauti za SSB, mtindo wanaozungumzia wanaredio wa ridhaa wengi, zinatoka kama bata mwenye mafua. Dawa yake: washa swichi iliyoandikwa C.W. OSC, ile ya kusikilizia Morse, peleka swichi nyingine kwenye MVC, yaani sauti irekebishwe kwa mkono, punguza volume, kisha zungusha kitasa cha kutafutia stesheni taratibu, unywele kwa unywele, mpaka bata awe mtu. Mkono usipozoea utakereka.

Usiifungue ikiwa imewashwa, zile volti mia mbili hazina utani. Tena hii ni ya kusikiliza tu. Ukitaka kurusha, leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kwanza.

Betri nilikuwa nazichaji kwa sola huku nikisikiliza. Nimeacha. Kidhibiti chaji kilikuwa na kelele kuliko majirani wote.