OmegaT: programu ninayoifungua kabla ya kukubali bei ya chini

Mfasiri yeyote wa kujitegemea ameshapokea barua pepe ya namna hii. Wakala anaanza kwa kuisifu kazi yako, anahamia kwenye bajeti iliyobana, kisha anaomba "punguzo kidogo" kwa sababu sehemu kubwa ya matini ilishatafsiriwa huko nyuma. Ameambatisha kumbukumbu ya tafsiri, yaani faili yenye sentensi za zamani pamoja na tafsiri zake, na jedwali la punguzo, na jibu analitaka leo leo. Barua hiyo siijibu mpaka nimeipitisha kazi yake kwenye OmegaT.

OmegaT ni programu ya kutafsiria ya bure kabisa, yenye leseni huria ya GPL, na inafanya kazi kwenye Windows, macOS na Linux. Kama chombo cha kutafsiria ni kizuri, ingawa sura yake ni ya kizamani na anayeanza atahitaji kuusoma mwongozo. Lakini hata usipotafsiri sentensi moja ndani yake, kuna kazi moja inayotosha kukufanya uisakinishe: takwimu za milingano, yaani hesabu ya sentensi za kazi mpya zinazofanana, kabisa au kwa kiasi, na zilizomo kwenye kumbukumbu.

Utaratibu wake ni mwepesi. Unaanzisha mradi, unaweka faili za mteja kwenye folda ya source na kumbukumbu yake, ambayo ni faili ya aina ya TMX, kwenye folda ya tm, halafu unaagiza takwimu. Inakupa jedwali: marudio (sentensi zinazojirudia ndani ya kazi yenyewe), milingano kamili, asilimia 95 hadi 100, 85 hadi 94, 75 hadi 84, 50 hadi 74, na sentensi zisizofanana na chochote. Kila safu ina idadi ya vipande, maneno na herufi. Jedwali hilo linahifadhiwa kama faili ya maandishi ndani ya mradi, kwa hiyo unaweza kumtumia mteja kama lilivyo.

Malipo yenyewe haikokotoi. Hapo utahitaji lahajedwali, na hapo ndipo "punguzo kidogo" linapoonekana umbo lake. Tuseme kazi ina maneno 10,000: marudio 2,000, milingano kamili 1,500, asilimia 95 na zaidi 500, 85 hadi 94 maneno 1,500, 75 hadi 84 maneno 1,000, na mengine 3,500 ni mapya. Wakala anataka marudio na milingano kamili visilipwe, safu ya 95 ilipwe asilimia 30 ya bei, na zile mbili zinazofuata asilimia 60. Jumla yake ni sawa na kulipwa maneno 5,150. Akiomba na bei ya msingi ishuke kwa asilimia 20, umebaki na 4,120. Hujapunguza kidogo, umeachia zaidi ya nusu ya malipo, na tarehe ya kukabidhi haijasogea hata siku moja.

Sisi tunaotafsiri kwenda Kiswahili tuna sababu nyingine ya kulitilia shaka jedwali lile. Linachukulia kwamba neno moja likibadilika katika matini chanzi, ni neno moja litakalobadilika katika tafsiri. Ngeli zetu hazikubali. Kumbukumbu ina "Kifaa chako kipya kimeunganishwa". Mteja ameondoa kifaa ameweka simu: "Simu yako mpya imeunganishwa". Kwa Kiingereza sentensi hiyo ina maneno matano na lililobadilika ni moja tu, basi kwa hesabu ya maneno asilimia 80 iko tayari. Kwa Kiswahili hakuna neno hata moja lililosalia jinsi lilivyokuwa. Nimeandika sentensi nzima upya, halafu nalipwa asilimia 60! Hoja hii nampelekea kila wakala, pamoja na sentensi mbili tatu kutoka kwenye faili yake mwenyewe, na nimeona inasikilizwa kuliko malalamiko ya jumla kuhusu ugumu wa maisha.

Kuna mambo ambayo OmegaT haiwezi kukuambia. Haijui kama kumbukumbu ya mteja ni safi au imejaa makosa ambayo utalazimika kuyasafisha bila malipo. Haijui pia kama "mlingano kamili" ulitoka kwa mtu au ulimwagwa na mashine. Kwa hilo naifungua TMX yenyewe na kutazama jina la mfasiri na tarehe, kama vimejazwa, kisha nasoma vipande vichache hapa na pale. Vilevile usishangae takwimu zako zikitofautiana na za wakala, kwa kuwa kila programu ina namna yake ya kuhesabu maneno na kupima mfanano. Tofauti ndogo naiacha. Ikiwa kubwa, naomba ripoti yake na tunalinganisha safu kwa safu kabla sijagusa kazi.

Silikatai kila punguzo. Marudio yanajijaza yenyewe, nakubali yalipwe asilimia 10. Mlingano kamili naukubali kwa asilimia 30 lakini si kwa sifuri, kwa sababu lazima niusome katika muktadha wake mpya na lawama ikija itakuja kwangu. Safu ya 95 naiomba kwa asilimia 60, ya 85 kwa asilimia 80, ya 75 bei kamili, na bei ya msingi haishuki maana mteja hawezi kupewa punguzo mara mbili kwa kazi ileile. Kwa kazi ya mfano ule inakuja sawa na maneno 6,650. Mteja anaokoa theluthi ya gharama, na akitaka zaidi ya hapo kazi hiyo siichukui.