Amoksilini ya kuyeyusha ya miligramu 250: tathmini ya mzazi aliyewahi kutumia ya chupa

Mwanangu alipougua nimonia, akiwa na mwaka mmoja na miezi 4 na uzito wa kilo 11, tabibu wa zahanati alimhesabia pumzi kwa dakika nzima, akapata 52, ilhali kwa umri huo 40 tayari ni dalili ya ugonjwa. Alituandikia vidonge vya amoksilini, dawa ya kuua bakteria, vya miligramu 250 ambavyo havimezwi bali huyeyushwa: viwili asubuhi na viwili jioni kwa siku 5. Kwa kuwa miezi michache kabla ya hapo nilikuwa nimemnunulia amoksilini ya chupa kwa ajili ya kikohozi, bila kumpeleka popote, ninacho cha kulinganisha.

Matumizi yake ni mepesi. Kidonge kinatiwa kwenye maji safi kidogo au maziwa ya mama yaliyokamuliwa, nacho kinasambaratika chenyewe; chengachenga zinazobaki chini huongezewa maji, mtoto akamalizia. Vidonge havihitaji friji, wakati dawa ya chupa ikishachanganywa ina siku chache tu za kutumika. Harufu ya matunda ilimdanganya mwanangu siku ya kwanza tu, kisha ikawa vita kama kawaida, na siku ya tatu alipata choo chepesi kidogo.

Ubora wenyewe hasa uko kwenye dozi, na hapa nina kisa cha kukiri. Ile chupa ya mwanzo ilikuwa ya mililita 100, yenye miligramu 125 katika kila mililita 5, na muuzaji aliniambia, "Mama, mpe kijiko kimoja mara tatu kwa siku." Hiyo ni miligramu 375 kwa siku, ambapo vidonge vinne alivyoandikiwa baadaye ni miligramu 1,000. Kwa chupa ile, kipimo cha nimonia kwa mtoto wa kilo 11 kingekuwa mililita 40 kwa siku, yaani chupa ingeisha katikati ya siku ya tatu na ningelazimika kununua ya pili. Nilifurahi kwamba dawa imenitosha karibu wiki nzima, kumbe ilitosha kwa sababu nilikuwa nampa kidogo mno.

Kidogo hicho ndicho kinachofuga usugu, yaani bakteria kuizoea dawa. Bakteria wa nimokoka, ambao ni miongoni mwa visababishi vikuu vya nimonia kwa watoto, hujikinga kwa kubadilisha zile protini ambazo dawa ya jamii ya penisilini huzishika, lakini mara nyingi kinga hiyo si kamili, na dozi kubwa bado huwashinda. Ndiyo maana mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2014 unataka angalau miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito, mara mbili kwa siku. Septrini, ambayo wazee wetu bado wanaiulizia dukani, iliwekwa kando katika kutibu nimonia kwa sababu vimelea wengi wameizoea.

Dawa hii ina mipaka yake. Haifanyi kitu kwa kikohozi cha virusi, na nina hakika sasa kwamba kile cha mwanzo kilikuwa cha namna hiyo. Baadhi ya bakteria wa Haemophilus influenzae hutoa kimeng'enya kinachoivunja, na bakteria mwingine, Klebsiella, ambaye husumbua zaidi watoto wachanga na wenye utapiamlo, hasikii amoksilini kwa asili yake. Mtoto asiyeweza kunyonya au kunywa, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege au aliyelegea apelekwe hospitali mara moja, kwa kuwa anahitaji sindano na pengine oksijeni.

Lawama yangu moja ni ya ufungashaji. Karatasi tuliyopewa ilikuwa na vidonge 10, na dozi ya mwanangu ilikuwa 20. Zahanati ilitupa karatasi mbili, lakini katika duka moja la dawa mtaani kwetu nimeshuhudia karatasi ikikatwa kwa mkasi, mzazi akaondoka na vidonge vinne kwa kuwa ndivyo fedha yake ilivyofika. Laiti vingefungwa kwa dozi kamili ya siku 5 kulingana na uzito wa mtoto, na picha za jua na mwezi juu ya pakiti, ningeipa alama zote. Kwa sasa naipa nne kati ya 5.